Utamu Usio na Sukari: Jani la Stevia na Mgonjwa Mmoja wa Bariadi

Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati mashamba ya pamba ya Bariadi yanapofunguka meupe na kila mwenye mikono yumo shambani. Nilikuwa mkoani Simiyu kwa wiki moja, katika kambi ya madaktari bingwa, na jioni ya siku ya tatu bodaboda ilimleta mama mmoja wa miaka 58. Alikuwa amekalishwa katikati ya dereva na mwanawe, amefungwa kitenge kiunoni ili asidondoke. Hakuwa akijitambua. Nguo zilikuwa zimelowa jasho na mikono ilikuwa ya baridi, ingawa jua lilikuwa bado kali. Kipimo cha tone la damu la kidoleni kilisoma 1.6. Sukari ya damu ikipungua chini ya 4 kwa kizio cha mmol/L twasema imeshuka, ikifika 1.6 ubongo wenyewe una njaa, na njaa ya ubongo haivumiliki kwa muda mrefu.

Muuguzi alipokuwa akihangaika kuupata mshipa wa kuingizia glukosi, nilimgeukia yule kijana. Alikuwa ametulia kama mtu aliyetimiza wajibu wake. Alinieleza kwamba mama yake anaugua kisukari kwa miaka saba na anameza glibenklamidi asubuhi na jioni. Siku hiyo alitoka alfajiri kuvuna pamba, akameza dawa yake, akanywa chai kavu, na hakula tena. Saa nane alianza kutetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka.

"Tulijua sukari imeshuka, daktari. Kliniki walishatuambia: akitetemeka, mpeni kitu kitamu. Mayu tukampa chai. Tena tamu sana, vijiko vitatu."

Nikamuuliza vijiko vitatu vya nini. Akatoa mfukoni kipakiti cha nailoni chenye unga wa kijani. Ulikuwa unga wa majani ya stevia, ulionunuliwa mnadani. Sukari ya kawaida ilikuwa haijaingia katika nyumba ile kwa miezi mitano, kwa sababu mama ana ugonjwa wa sukari na wanawe wanampenda.

Nimekwisha kuulizwa mara nyingi, na wagonjwa na hata wanafunzi wangu, kama stevia ina madhara. Kabla ya jioni ile nilizoea kujibu kwa kutaja saratani, uzazi na figo, yaani mambo ambayo watafiti wamebishana juu yake kwa miaka zaidi ya hamsini. Majibu hayo nitayatoa hapa pia, kwa kuwa msomaji ana haki ya kuyajua. Lakini hatari niliyoiona Bariadi haimo katika mabishano yale, na sikumbuki kuiona imeandikwa kwenye pakiti yoyote.

Stevia ni mmea mdogo wa jamii moja na alizeti, na asili yake ni nyanda za Paraguay na Brazili. Watu wa kabila la Waguarani walitia majani yake katika vinywaji vyao karne nyingi kabla ya mwanasayansi yeyote kuuandika. Moisés Bertoni, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uswisi aliyehamia Paraguay, aliutangaza mmea huo kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 1899, na mwaka 1931 wanakemia wawili wa Ufaransa, Bridel na Lavielle, walifaulu kutoa ndani yake dutu iliyoitwa steviosidi. Wajapani wakaanza kuutumia kwa wingi viwandani katika miaka ya 1970. Katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, wakulima wa Kericho nchini Kenya wamewahi kuulima kwa kuiuzia kampuni ya PureCircle. Si mmea wa ajabu, basi, wala si siri iliyofichwa na madaktari, kama nilivyomsikia mchuuzi mmoja akitangaza kwa kipaza sauti.

Utamu wake unatokana na dutu zinazoitwa glikosidi za steviolo. Zikisafishwa, huwa tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari ya mezani. Ulimi una milango midogo inayotambua utamu, na glikosidi hizi hukaa katika milango hiyo kama ufunguo wa bandia unaoingia katika kufuli. Ubongo hupata habari kwamba kitu kitamu kimefika. Habari hiyo ni ya kweli kuhusu utamu, lakini si ya kweli kuhusu chakula. Tumbo na utumbo mwembamba haviwezi kuzimeng'enya. Huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzikata na kubakiza steviolo. Steviolo hufyonzwa, ini huifunga, na figo huitoa katika mkojo. Katika safari hiyo yote hakuna glukosi ya maana inayoingia kwenye damu. Hiyo ndiyo sifa yake kwa mwenye kisukari. Hiyo pia ndiyo sababu mama yule, baada ya kunywa kikombe kizima cha chai tamu, alizidi kuzama.

Sasa niyaeleze yale mashaka ya zamani. Mwaka 1968 jarida la Science lilichapisha utafiti ambamo panya jike waliopewa maji ya majani haya yaliyochemshwa walipungukiwa uwezo wa kushika mimba. Watafiti waliofuata, waliotumia dutu iliyosafishwa, hawakupata matokeo kama hayo. Mwaka 1985 ilionekana maabara kwamba steviolo, ikichochewa na vimeng'enya vya ini, inaweza kubadili vinasaba vya bakteria. Hilo liliwashtua wengi, kwani kinachobadili vinasaba kinaweza kuleta saratani. Mwaka 1991 Marekani ikazuia uingizaji wa stevia, na mwaka 1999 kamati ya kisayansi ya Ulaya nayo ikakataa kuiidhinisha. Uchunguzi wa miaka iliyofuata katika wanyama wazima haukuthibitisha hofu ile. Mwaka 2008 kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka kiwango cha kila siku kisichotarajiwa kudhuru: miligramu 4 za steviolo kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Ulaya iliruhusu matumizi yake mwaka 2011.

Kiwango hicho kina maana gani jikoni? Mtu mwenye kilo 60 anaweza kutumia kila siku kiasi cha stevia iliyosafishwa chenye utamu wa zaidi ya vijiko 30 vya chai vya sukari. Ni vigumu mtu mzima kufika huko kwa chai peke yake. Mtoto wa kilo 15 hali yake ni nyingine, kwa kuwa robo ya uzito ni robo ya kiwango. Vikombe viwili vya uji uliotiwa tamu kwa mkono wa bibi mwenye upendo, pamoja na vinywaji vya chupa, vyaweza kumfikisha.

Hapo kuna neno moja ambalo wauzaji hulipita kimya: iliyosafishwa. Ruhusa zote nilizozitaja zinahusu dutu iliyotolewa kiwandani na kusafishwa kwa zaidi ya asilimia 95. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mpaka leo haijakubali jani zima wala unga wake ghafi litumike kama kitamu cha chakula, kwa sababu ushahidi wa usalama wake hautoshi. Unga wa kijani uliokuwa mfukoni mwa kijana yule haukuwa na jina la mtengenezaji, tarehe, wala nembo ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini. Haukujulikana ulianikwa wapi, ulipigwa dawa gani ya wadudu, wala umechanganywa na jani gani. Wakulima wa pamba wanajua kuliko mimi dawa za wadudu ni kitu gani.

Nikisema hivyo, mara nyingi hujibiwa kwamba kitu cha asili hakidhuru. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa jibu hilo halipaswi kuwa gumu kulipinga. Mhogo mchungu ni wa asili, na mwaka 1985 kule Tarime, mkoa wa Mara, watu walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo kwa sababu njaa iliwalazimu kula mhogo ambao haukuandaliwa kwa muda wa kutosha. Bibi zetu hawakuwahi kusema mhogo ni salama kwa kuwa umetoka ardhini. Walisema uloweke, uuvundike, uuanike, halafu usage.

Stevia ya dukani, ile nyeupe ya kwenye vikopo na vipakiti, nayo ina lake. Kwa kuwa ni tamu kupita kiasi, kiasi kinachohitajika katika kikombe ni kidogo mno, na hakuna anayeweza kuuza kitu kidogo hivyo. Mtengenezaji huongeza kijazio ili kijiko kijae. Kijazio kimoja ni maltodekstrini, ambayo ni wanga na hupandisha sukari ya damu. Kingine ni eritritoli. Mwezi Februari 2023 watafiti wa Cleveland Clinic nchini Marekani walichapisha katika Nature Medicine matokeo kwamba watu wenye eritritoli nyingi katika damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi, na kwamba kinywaji kimoja chenye gramu 30 zake kiliiacha damuni kwa wingi kwa zaidi ya siku mbili. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba eritritoli ndiyo iliyosababisha. Mwili hutengeneza kiasi chake wenyewe, na mgonjwa aweza kutengeneza zaidi. Hata hivyo mwenye kisukari tayari yuko karibu na kiharusi kuliko jirani yake. Mimi huwashauri wagonjwa wangu wasome maandishi madogo nyuma ya kopo, na wakikuta eritritoli au maltodekstrini imetajwa ya kwanza, wajue kwamba hicho ndicho walichonunua, na stevia imewekwa kama harufu.

Je, inatibu? Mnadani nilisikia kwamba inasafisha kongosho. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa watu 122 wenye kisukari cha aina ya pili, ambamo baadhi yao walipewa miligramu 1,000 za rebaudiosidi A, moja ya dutu tamu za jani hili, kila siku kwa wiki 16. Sukari yao ya damu haikupungua kuliko ya wale waliopewa vidonge visivyo na kitu. Shinikizo la damu nalo halikubadilika. Kuna tafiti mbili ambamo steviosidi kwa kipimo kikubwa, kwa mwaka mmoja na kwa miaka miwili, ilishusha shinikizo kwa wale waliokuwa nalo juu. Kwa hiyo anayemeza dawa za shinikizo na kunywa maji mazito ya majani haya kila siku amwambie daktari wake. Zaidi ya hapo, tumbo kujaa gesi na kichefuchefu kidogo ndiyo malalamiko ninayoyasikia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Mei 2023, lilipendekeza watu wasitegemee vitamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, kwa ajili ya kupunguza uzito au kujikinga na magonjwa sugu, kwa sababu faida ya muda mrefu haikuonekana na dalili za madhara zilikuwepo. Pendekezo hilo halikuwahusu waliokwisha kupata kisukari. Kwao uamuzi ni wa mgonjwa na daktari wake.

Uamuzi wangu mimi ni huu: mgonjwa aliyeshindwa kabisa kunywa chai isiyo na kitu, akitumia stevia iliyosafishwa kidogo, simgombezi. Ninayemgombeza ni yule anayeifanya dawa. Siku mbili kabla ya mama yule kuletwa, nilimwona mzee mmoja kutoka Itilima aliyeacha metformini miezi minne kwa sababu "sasa sukari siitumii tena". Kipimo chake hakikutoa hata namba. Kiliandika HI, ambayo katika vipimo vingi vya aina ile maana yake ni zaidi ya 33. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda ambacho hakukihisi.

Nimejiuliza mzee yule na familia ya mama yule walikosea wapi, na kila nikijiuliza narudi kwenye lugha yetu. Waingereza wameuita ugonjwa huu kwa jina la Kigiriki ambalo mkulima wao halielewi. Sisi tumeuita ugonjwa wa sukari. Jina likishakuwa hilo, akili ya kawaida inahitimisha yenyewe: adui ni ile nyeupe ya kwenye kopo, ikitolewa nyumbani, ugonjwa umetolewa. Kumbe mwili hauijui ile ya kopo peke yake. Vijiko vinne vya sukari katika kikombe cha chai ni gramu 16 hivi. Sahani ya ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga ina wanga wa gramu 150 hivi, na wanga huo karibu wote huishia kuwa glukosi. Michembe na matobolwa ambayo Wasukuma huyatafuna yakiwa makavu, pamoja na uji wa asubuhi, hufuata njia hiyo hiyo. Hakuna ladha ya utamu katika ugali, basi hakuna anayeuogopa. Asali nayo huitwa ya asili na hupewa wagonjwa bila hofu, ilhali sehemu nne kati ya tano zake ni sukari. Sisemi watu wa Simiyu waache ugali; mkoa unaolima dengu na choroko una namna ya kuupunguza ugali na kuijaza sahani. Nasema tu kwamba ulimi si kipimo.

Na sisi wataalamu tumeurudia mtego huo kwa upande wa pili. "Mpeni kitu kitamu." Nimelisema sentensi hilo mamia ya mara, katika wodi na kliniki, bila kuliwazia. Zamani lilitosha, kwa kuwa katika nyumba ya Mtanzania kitu kitamu kilikuwa sukari, soda au asali, na utamu na sukari vilikuwa mume na mke. Sasa wametengana. Kuna soda isiyo na sukari na kuna unga wa kijani, na mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha viwanda na bei ya kilo ya sukari kupaa, wapo waliotafuta utamu mahali pengine. Sentensi letu limebaki pale pale. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Wengi wanaotumia vidonge kama glibenklamidi, au insulini, wanaishi mbali na hospitali, na tiba ya kwanza wanayoitegemea sukari ikishuka ni sentensi lile.

Kwa hiyo sasa nasema hivi. Anayetumia insulini au vidonge vya kundi la glibenklamidi asimeze dawa na kukosa mlo. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akichanganyikiwa au akiwa mkali ghafla, na bado anaweza kumeza, apewe sukari ya mezani: vijiko vinne vya chai katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au kijiko kikubwa cha asali. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, arudiewe. Akipata nafuu, ale. Asiyejitambua asimiminiwe kitu kinywani, kwa maana kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu, apakwe asali au sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu kidogo kidogo, huku usafiri ukitafutwa. Na hata akiamka njiani, safari isikatizwe. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mwenye umri mkubwa au figo dhaifu, na sukari hushuka tena.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yule. Alifumbua macho saa moja usiku, akaomba maji. Saa nane za usiku, dripu ikiwa bado inaingia, kipimo kilisoma 2.3. Tulikaa naye hadi asubuhi. Siku ya pili alikumbuka majina ya ng'ombe wake kabla ya majina ya wajukuu, jambo lililowachekesha ndugu zake, nami likanipa ahueni kubwa. Damu yake ilionyesha figo zimechoka kiasi. Tulimsimamishia glibenklamidi na kumpangia tiba nyingine.

Asubuhi ya kuondoka, mwanawe alikwenda duka la karibu na lango akanunua robo kilo ya sukari. Akaigawa katika vifuko vya karatasi, vile vya kufungia karanga: kimoja cha jikoni, kimoja cha kikapu cha shambani, kimoja cha mwenyewe mfukoni. Cha nne alimkabidhi mama yake, akamwonyesha namna ya kukifunga kwenye pindo la kanga. Mama alikishika, akakigeuza, akanitazama.

"Hii si ndiyo mliyonikataza?"

Nikamjibu kwamba ndiyo yenyewe, mayu, na kwamba akiweke mahali ambapo wajukuu hawatakifikia.